Kutanua Mwangaza na Rangi katika Picha za Anga la Mbali (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi picha nyingi za eneo moja la anga zinavyopigwa kwa muda mrefu, kisha zikaunganishwa kuwa moja ili chengachenga zinazotokana na kamera zipungue. Picha inayopatikana, hata ikiwa imegharimu usiku mzima, huonekana karibu nyeusi tupu inapofunguliwa kwenye kompyuta, na wengi wanaoanza kazi hii hukata tamaa hapo hapo wakidhani kamera imeharibika. Ukweli ni kwamba nuru imo, ila imejibana katika sehemu ndogo mno ya chini ya kipimo, na kazi ya kuitoa humo ndiyo inayoitwa kutanua.

Mfano unaofaa ni Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, ambalo kwa mtu aliye Tanga au Pemba hupita karibu kabisa na utosi. Picha ghafi ya biti 16 huwa na ngazi 65,536 za mwangaza, ilhali kioo cha kawaida cha kompyuta huonyesha ngazi 256 tu kwa kila rangi, kwa hiyo kila ngazi ya kioo hubeba ngazi 256 za picha. Ikiwa anga tupu lina thamani ya 520 na vumbi hafifu la pembezoni mwa wingu lina 580, zote mbili huangukia ngazi ile ile ya kioo, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Kutanua ni kuondoa kwanza thamani ya anga tupu, kisha kuzipitisha thamani zilizobaki katika kanuni ya hisabati inayozipandisha sana zile za chini na kuzibana zile za juu, ili vumbi lionekane bila kitovu cha wingu, penye nyota nne angavu ziitwazo Trapezium, kugeuka doa jeupe. Anayekata weusi kupita kiasi ili anga lipendeze hulifuta vumbi hilo hilo alilokesha akilitafuta, na hilo ni kosa zito kuliko picha kubaki na ukungu kidogo.

Rangi ndiyo hudhurika zaidi, tena kimyakimya. Nyota yenye thamani 400 katika chaneli nyekundu, 200 katika kijani na 100 katika buluu ina uwiano wa 4 kwa 2 kwa 1; kila chaneli ikitanuliwa peke yake kwa kipeuo cha pili, thamani huwa 20, 14 na 10, yaani uwiano umeshuka hadi 2 kwa 1.4 kwa 1, na rangi ya nyota imekwajuka kuelekea weupe. Hasara hiyo si ya urembo tu, kwa sababu rangi ya nyota hueleza joto lake: Betelgeuse ina rangi ya chungwa kwa kuwa uso wake ni baridi kuliko ule wa Rigel, yenye weupe wa kibuluu.

Mwaka 2004 Robert Lupton na wenzake walichapisha njia ya kuepuka hasara hiyo. Mwangaza wa pamoja wa chaneli zote tatu hutanuliwa kwanza kwa kanuni iitwayo asinh, ambayo kwa thamani ndogo huenda sawia na kwa thamani kubwa hufuata logi, kisha kila chaneli huzidishwa kwa kizidisho kimoja kilichopatikana humo, hivyo uwiano wa rangi hubaki kama ulivyokuwa. Sharti lake ni kwamba mwanga wa anga, pamoja na ule wa taa za mjini, uwe umeondolewa katika kila chaneli kabla ya kutanua, la sivyo kitakachohifadhiwa ni rangi ya taa.

Wapo wanaosema rangi za picha hizi ni za kubuni, kwa kuwa wingu la Orion likitazamwa kwa darubini ndogo huonekana la kijivu. Dai hilo halina msingi: haidrojeni ya Orion hutoa kweli nuru nyekundu ya nanomita 656.3, ila jicho gizani ni dhaifu katika kutambua rangi. Kinachostahili kutiliwa shaka ni kukoleza rangi baada ya kutanua, ambako hakuna kipimo isipokuwa hiari ya mtengenezaji.

Msomaji atakayejaribu kazi hii ahifadhi nakala ya picha ghafi kabla ya kugusa chochote, kwa maana kilichokatwa katika kutanua hakirudi.