Herufi Tatu, Wenyewe Wengi

Mwaka 2009 kituo cha MTV cha Marekani kilianzisha kipindi cha asubuhi cha video za muziki, kikaitwa AMTV. Aliyebuni jina hilo alikuwa na jicho: AM, kifupisho cha Kilatini cha saa zote tangu usiku wa manane hadi adhuhuri, imeunganishwa na MTV, na M moja ikatumika pande zote mbili.

Sasa ligawe jina hilo uone. Kwa fundi wa redio, AM ni njia ya kurusha sauti kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi, ilhali FM hubadilisha masafa yake. MTV nayo ina wenyewe wengi zaidi. Kituo hicho cha Marekani kilipoanza tarehe 1 Agosti 1981, Hungary tayari ilikuwa na Magyar Televízió, na Finland ilikuwa na Mainos-TV iliyoendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara. Zote mbili zilianza 1957. Mwaka 1991 Lebanon nayo ikapata Murr Television, iliyobeba jina la ukoo wa mwanzilishi wake, Gabriel Murr.

Wengi hudhani kuna aliyeiga. Mimi naona hesabu ndiyo inayowabana wenye vituo. Herufi 26 za Kilatini hutoa vifupisho 17,576 vya herufi tatu, na idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba televisheni hupenda kumalizia na TV. Hapo inabaki nafasi moja tu ya kuchagua, yaani majina 26 kwa dunia nzima! Ndiyo maana NTV ya Nairobi ni ya Nation, ya Tokyo ni ya Nippon, na Urusi na Uturuki zina za kwao. Dar es Salaam kuna ITV. Waingereza wana ITV yao tangu 1955, na kirefu ni kilekile: Independent Television.

Sheria huwaachia nafasi, kwa kuwa alama ya biashara kwa kawaida husajiliwa nchi kwa nchi na kwa aina ya bidhaa au huduma. Mgawanyo wa kimataifa wa Nice una madaraja 45: 34 ya bidhaa, 11 ya huduma. Mtazamaji naye hapotei, maana nembo, lugha na nchi aliyopo humwambia ni kituo kipi.

Hospitalini mambo ni mengine kabisa, na hapo ndipo ninapotaka wahariri na waandishi wa fomu wawe wakali. Daktari akiandika kwa mkono “10U” za insulini, akimaanisha yuniti 10, ile U ikikosa kufunguka vizuri juu husomeka kama sifuri, na mgonjwa anaweza kudungwa 100. Marekani, taasisi ya ithibati ya hospitali iitwayo Joint Commission ilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. U imo. MS pia imo, kwa sababu inaweza kuwa mofini salfeti, dawa ya maumivu makali, au magneziamu salfeti, ambayo mjamzito mwenye kifafa cha mimba hupewa. Katika hospitali zenye ithibati ya taasisi hiyo, majina ya dawa hizo mbili sharti yaandikwe kwa kirefu.