Wimbo wa Mgeni Rasmi

Kwaya ya shule katika nchi hii haiimbi hivi hivi tu. Huimba kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina cheo, ina gari na imechelewa saa mbili. Siku ya mahafali kwenye shule ya kata, iwe Morotonga au kata nyingine yoyote ya kando ya mji wa Mugumu, wilayani Serengeti, mkoani Mara, wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi huanzwa na kukatishwa kila gari linapotimua vumbi barabarani, halafu likapita. Akifika mwenyewe, mambo huenda kwa ratiba: wimbo wa kukaribisha, ngonjera, risala, wimbo wa kuaga, nasaha, soda. Wanaoagwa huitwa wahitimu, ingawa mtihani wao bado uko mbele. Sisi huhitimu kwanza, mtihani tunaufanya baadaye.

Ukitoka kwenye uwanja kama huo ukakaa mbele ya tamthilia ya Kimarekani iitwayo Glee, utaona kwaya ya shule isiyomsubiri mtu. Tamthilia hiyo ilirushwa na televisheni ya Fox kuanzia Mei 2009 hadi Machi 2015, vipindi 121, ikisimulia kwaya ya wanafunzi wasiopendwa na wenzao katika shule ya kubuni ya McKinley, mjini Lima, jimbo la Ohio. Humo mwanafunzi akiachwa na mpenzi wake, anaimba. Akigombana na baba yake, anaimba. Bendi nzima inatokea nyuma yake, taa zinawaka, na hakuna mhasibu anayeuliza umeme umelipiwa kutoka fungu gani. Hoja ya tamthilia yote ni kwamba wimbo hutoka moyoni mwa anayeuimba, na kwaya ni mahali pa kuutolea moyo huo.

Hoja nzuri, ila nyimbo zenyewe hazikutengenezwa hivyo. Karibu zote zilikuwa za watu wengine. Ule uliowapa umaarufu katika kipindi cha kwanza, “Don't Stop Believin'”, ni wa bendi ya Journey na ulitoka mwaka 1981. Wao walipouimba upya mwaka 2009 ulipanda hadi nafasi ya nne katika chati ya Marekani. Nyimbo zilichaguliwa, vibali vikaombwa, sauti zikarekodiwa studio kwanza, ndipo waigizaji wakasimama mbele ya kamera wakafuatisha kwa midomo. Kipindi kikirushwa, wimbo nao uko sokoni. Kwa njia hiyo waigizaji wa Glee waliingiza nyimbo 207 katika chati ya Billboard Hot 100, na Februari 2011 walikuwa wamekwisha kumpita Elvis Presley, ambaye alikuwa na 108. Nyingi kati ya hizo zilikaa kwenye chati wiki moja, zikaondoka. Moyo uliokuwa unaimba ulikuwa na ratiba, tena ya kibiashara.

Sisemi hivyo kwa dharau. Ninachosema ni kwamba wimbo wa kwaya ya shule, kule na huku, ni kazi ya kuagizwa. Kule mwagizaji ni soko, na amefichwa nyuma ya pazia. Huku mwagizaji amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, na jina lake limo kwenye ubeti wa kwanza. Huku tumekuwa wakweli zaidi.

Tazama kazi inavyofanyika. Mwalimu anaitwa ofisini kwa mkuu wa shule, anaambiwa mada: Mwenge wa Uhuru unapita, au ni chanjo, au utunzaji wa mazingira, au ukeketaji. Siku zilizobaki ni chache. Hana piano, na mara nyingi hahitaji, kwa kuwa nusu ya wanakwaya wake tayari wanaimba kanisani. Mkoa wa Mara ni mkoa wa kwaya. Wamenonite walianzia Shirati mwaka 1934, Wasabato wana Nyimbo za Kristo, wengine wana Tenzi za Rohoni, na Wakatoliki wana watunzi wao. Mtoto wa darasa la sita hapa anajua kugawana sauti kabla hajajua kugawanya sehemu. Mwalimu anaandika solfa ubaoni kwa herufi ndogo, anatoa “do” kwa mdomo, anaitafuta tena kwa sababu ya kwanza ilikuwa juu mno, kisha anawapanga: sauti ya kwanza mbele, ya pili pembeni yao, ya tatu nyuma. Sauti ya nne ni tatizo la shule zote za msingi duniani. Anachukua wavulana warefu, anawaambia wakaze shingo, na kinachotoka ndicho kitakachoitwa besi.

Kisha kuna maneno. Njia ya haraka ni kuchukua tuni ya kanisani ambayo wote wanaijua na kuivisha mashairi mapya. Hapo ndipo ufundi unapoonekana, au unapokosekana. Mahali palipokuwa na neno “Bwana”, noti mbili zilizotulia, sasa panatakiwa kuingia “Mkuu wa Wilaya”, silabi saba. Mwalimu mzembe huzibana zote saba kwenye noti zile mbili, na watoto wanatoka kama wanaokimbiza basi. Mwalimu mzuri huivunja tuni: anaongeza kiitikio, anawapa sauti ya kwanza cheo na sauti ya tatu jina, wakapokezana, na mgeni anasikia anaitwa kutoka pande mbili. Nimesikia mabadiliko ya namna hiyo yaliyokuwa mazuri kuliko wimbo wenyewe. Hakuna aliyeyarekodi.

Suala la nani mwenye wimbo linakuja hapo. Mwaka 2013 Glee waliimba wimbo wa zamani wa kufokafoka, “Baby Got Back”, wakiwa wameuvisha tuni laini. Tuni hiyo ilikuwa ya mwanamuziki Jonathan Coulton, aliyeitunga miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya wimbo huohuo, na hakutajwa popote. Alichofanya ni kuutoa tena ule wake mwenyewe sokoni, akidai kwa kejeli kwamba ameuimba kwa mtindo wa Glee, na mapato akayapeleka kwenye hisani. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, taasisi ya kuisimamia, lakini sijui mwalimu aliyekwenda huko kudai kwamba tuni yake ya kumpokea mkurugenzi imeimbwa na shule jirani. Mwalimu huyo akihamishwa, wimbo unabaki. Anayempokea kijiti hubadilisha cheo cha mgeni na kuendelea.

Wimbo wa kwaya ya shule uliofika mbali kuliko zote barani ulizaliwa katika mazingira hayohayo. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, kwa solfa ileile ya ubaoni. Alifariki mwaka 1905. Tuni yake leo ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, “Mungu Ibariki Afrika”, ndiyo ya Zambia, na ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Kila asubuhi ya paredi mtoto wa Mugumu anaimba kazi ya mwalimu wa kwaya ya shule, na ukimuuliza mtunzi ni nani atakujibu ni serikali.

Kongo nako kuna mfano wake, nao uliishia kwenye skrini. Huko Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule, na mwaka 1958 wakaimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mahadhi ya kwao, wakazunguka nayo Ulaya. Miaka kumi baadaye sehemu moja ya misa hiyo ilisikika katika filamu ya Kiingereza If...., inayohusu wanafunzi wa shule ya bweni wanaoasi. Kwaya ya shule ya Katanga ikawa muziki wa uasi wa watoto wa matajiri wa Uingereza. Wavulana wa Kamina walikuwa wameagizwa kuimba misa tu.

Lakini tamthilia ya kwaya ya shule ambayo watu wa rika langu huitaja kwanza si Glee. Ni Sarafina!, mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema wa mwaka 1987, uliokuwa filamu mwaka 1992, ambayo tuliiona kwenye mabanda ya video tukiwa tumebanana kwenye mabenchi. Wanafunzi wa Soweto wanaimba, na humo wimbo una uzito kwa kuwa nje ya darasa kuna askari. Habari yenyewe inasimama juu ya Juni 16, 1976, siku ambayo watoto walipigwa risasi wakiandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule uliifanya kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Kwa hiyo kila Juni kwaya za shule zetu husimama uwanjani kwa heshima ya wanafunzi walioandamana bila kibali, na huimba nyimbo ambazo kila mstari umepitiwa na Afisa Elimu.

Katika wilaya za Serengeti na Tarime, mada ya Juni haikwepeki: ukeketaji. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wamekeketwa. Kwa Mara ilikuwa 32. Sheria ya mwaka 1998 inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18. Kwaya hutaja sheria hiyo, hutaja damu, hutaja kuolewa mapema, na wasichana wanaoimba wanajua wanachoimba kuliko yeyote aliyekaa jukwaa kuu. Nyimbo hizi si mbaya. Baadhi zimetungwa vizuri, na zipo ambazo hutumia swali la mtoto kwa bibi yake badala ya kuhubiri, jambo ambalo kwa Mkurya, mwenyeji wa wilaya hizi, lina makali yake, maana bibi hahojiwi hadharani. Wazee hushangilia. Mgeni rasmi huinuka na kucheza, humtunza kiongozi wa kwaya noti, kisha hutoa ahadi ya saruji kwa ajili ya choo cha wasichana, ambayo ilikuwa imeombwa kwa ujanja kwenye ubeti wa tatu. Huo ubeti wa tatu ni mali ya mwalimu kabisa. Beti za mwanzo ameagizwa, tuni ameiazima kanisani, lakini choo amekitia mwenyewe. Katika Glee yote sijaona wimbo uliomjengea mtu choo.

Shida iko kwenye kalenda. Saro, tohara ya kimila, haifanyiki Juni. Wazee wa mila huipangia mwisho wa mwaka, Novemba na hasa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wakati huo kwaya ya shule haipo. Mwalimu amekwenda kwao, solfa imefutwa ubaoni, na wasichana walioimba Juni wako nyumbani, mmoja mmoja, kila mmoja na mama yake na shangazi zake. Kijiji kinakuwa na nyimbo nyingine, za tangu zamani, zenye waimbaji wengi ambao hawajawahi kuhitaji mazoezi. Ndiyo maana Desemba wasichana hukimbilia vituo kama Masanga, Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu inayosimamiwa na shirika la Rhobi Samwelly, Hope for Girls and Women. Skrini ilifika huko kabla ya mtunzi yeyote wa tamthilia: filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter, ya mwaka 2018, inawafuata wasichana waliokimbilia Nyumba Salama hiyo ya Mugumu. Si tamthilia, hakuna bendi inayotokea nyuma ya mtu.

Sasa, kwaya moja haifungwi Desemba, nayo ni ya kanisani. Huo ndio mwezi wake mkubwa. Mazoezi ya Krismasi huanza mapema, na jioni wasichana hutoka nyumbani kwa ruhusa ya wazazi, jambo ambalo msimu ule si dogo. Waimbaji ni walewale wa shuleni. Tuni ni ileile, maana iliazimwa huko. Mwalimu wa kwaya ya kanisa mara nyingi ndiye mwalimu wa shule, kama hajasafiri. Wimbo wa Juni ukirudishwa kanisani ulikotoka, ukaimbwa Jumapili ya pili ya Desemba mbele ya bibi na mama wenyewe badala ya mbele ya Afisa Maendeleo ya Jamii, kazi ya kuutunga tayari ilikwisha kufanyika. Kinachohitajika ni kuondoa ubeti wa kwanza wenye vyeo.

Nimelisema hili kwa watu kadhaa wanaohusika na shughuli za Juni, na hakuna aliyelipinga. Waliuliza tu mgeni rasmi atakuwa nani, na soda zitatoka kwenye bajeti ipi.