Dohani Bila Kofia

Najua wengi wenu mkiona kichwa cha makala haya mtacheka. Mwenzangu ninayeketi naye alipokiona aliniuliza kama nimekosa la kuandika, maana wengine wameandika juu ya mapenzi, ufisadi na ukame. Nikamwambia asubiri. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimeona ufa mmoja ukikaribia kuwachukua watu wawili wa nyumbani kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Dohani ni njia ya kutolea moshi juu ya paa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya moshi, na watu wa pwani waliliita hivyo hata lile bomba kubwa la meli. Huku kwetu Meru na Embu ukiingia dukani ukaomba kofia ya dohani, mwenye duka atakutazama tu. Watu husema chimni, au bomba la moshi, au bomba basi. Mimi nitayachanganya yote, mwalimu wa Kiswahili aniwie radhi.

Wazee wetu hawakuwa na kitu hiki wala hawakukihitaji. Nyumba ya nyasi ilipumua yenyewe. Moshi ulipanda kutoka kwenye mafiga, ukakausha kuni na mahindi yaliyokuwa darini, ukafukuza wadudu, kisha ukapenya polepole katikati ya nyasi na kwenda zake. Mabati yalipokuja, moshi ukakosa pa kupitia. Ukarudi chini machoni mwa mama zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni. Kwa hivyo baba hakukosea hata kidogo alipoamua kuweka bomba jikoni mwetu mwezi wa Agosti 2023. Kilichokosewa ni namna lilivyowekwa.

Kwetu ni upande wa Githongo, chini kidogo ya msitu wa Mlima Kenya. Ni baridi. Jiko letu ni chumba cha mbao kilicho kando ya nyumba. Fundi aliyeletwa (simtaji jina, na siku hizi hapiti njia ya kwetu) alikata tundu kwenye bati, akapenyeza bomba, akazungushia simiti pale bomba linapokutana na paa, akalipwa, akaenda. Juu ya bomba hakuweka kitu. Mama alipomuuliza, alisema ati moshi hauwezi kutoka penye kifuniko.

Mnakumbuka mvua za Oktoba hadi Disemba mwaka huo, zile za El Niño. Huku kwetu mashariki ya mlima mvua za miezi hiyo ndizo kubwa hata katika mwaka wa kawaida. Maji yaliingia kwa juu moja kwa moja, yakazima moto, yakageuza jivu kuwa uji mweusi. Ile simiti nayo ilikuwa imekwisha kupasuka kabla hata ya mvua kuanza. Maji yakafuata bomba kwa nje, yakaloanisha boriti, na kufikia Krismasi ungeweza kuichoma kwa kidole kama kiazi kilichochemshwa. Gunia la maharagwe lililokuwa chini yake likaota. Sisemi juu ya madaftari yangu.

Basi tukavumbua dawa yetu wenyewe. Mvua ikija na moto umezimika, mtu anapanda ngazi na kufunika bomba kwa sufuria kuukuu. Asubuhi anaiondoa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwezi wa Julai 2024 nyanya yangu mzaa mama alikuja kututembelea kutoka Embu. Julai ni mwezi wa ukungu na manyunyu yasiyokoma, na nyanya aliomba alale jikoni penye joto pamoja na ndugu yangu mdogo wa miaka saba. Mama alifunika makaa kwa jivu. Dirisha likazibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Manyunyu yalipoanza kama saa tatu usiku, nilipanda ngazi nikaweka sufuria yangu kama kawaida. Moto sikuuona ukiwaka, nikadhani umekufa.

Saa kumi na moja alfajiri tulisikia mtoto akitapika. Mama alipofungua mlango, nyanya alikuwa akijaribu kusimama na miguu inakataa. Tuliwatoa nje, tukawalaza uani kwenye umande, kisha tukawapeleka zahanati. Daktari aliuliza swali moja tu, mlilala na makaa? Jioni mtoto alikuwa akicheza mpira. Nyanya aliumwa na kichwa siku mbili.

Wale wa kemia mtaelewa upesi. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na ikiingia damuni hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Nilikuwa nimefundishwa habari za kaboni katika kidato cha pili, mwaka uo huo. Nilipata alama 71. Na bado nilipanda ngazi.

Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja. Yeye ni fundi wa mabati katika mabanda ya jua kali mjini Embu, na nadhani nyanya ndiye aliyempigia simu, maana alifika akiwa amenuna. Alitazama paa kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniambia, "Mjomba, leta ngazi. Leo utanisaidia, ili siku nyingine ujue unafunika nini."

Kazi yake ilianza pale bomba linapopita kwenye paa, wala si juu. Alibomoa simiti yote. Aliniambia bati likipigwa na jua la mchana hutanuka na usiku hunywea, na bomba lenye moto ndani hutanuka zaidi, lakini simiti haijui kunyooka. Kwa hivyo hupasuka tu, hata ukiongeza debe zima. Badala yake alikata kipande cha bati bapa chenye tundu katikati, mfano wa kola ya shati, akaviringisha ukingo wa tundu usimame kulikumbatia bomba. Sasa sikieni jambo ambalo fundi wa kwanza hakulijua au hakulijali. Upande wa juu wa kola hiyo huingizwa chini ya bati la paa, na upande wa chini hulala juu ya bati la paa. Maji yanayoteremka hukuta kila mara bati la juu limelalia la chini, na hayapati pa kuingilia. Ukiweka kola yote juu ya paa na kuipaka lami pembeni, itakufaa msimu mmoja, labda miwili.

Kisha akaondoa kiungo cha bomba kilichokuwa nje. Kule nje alitaka kipande kimoja kisicho na kiungo, kinachopita kilele cha paa kwa kama sentimita 60, ili upepo unaoruka paa usiusukume moshi kurudi chini. Ndani ya jiko aliunganisha vipande kwa namna iliyonishangaza, kipande cha juu kikiingia ndani ya kile cha chini. Nilimwuliza kwa nini. Akanionyesha michirizi ya kahawia kwenye bomba la zamani. Moshi wa kuni, hasa kuni mbichi, hubeba mvuke na tindikali kidogo. Ukifika juu penye baridi hugeuka kuwa maji machungu na kuteremka. Viungo vikielekezwa vibaya, maji hayo hutokea nje na kudondokea sufuria ya mboga. Maji hayohayo ndiyo hula zinki iliyopakwa juu ya bati na kuleta kutu kwa ndani, kwa hivyo bomba huliwa pande zote mbili, mvua nje na moshi ndani.

Ndipo tukafika kwenye kofia. Ni bati lililokatwa duara, likafanyiwa mkato mmoja hadi katikati na kukunjwa liwe kama pia iliyopinduliwa, halafu likasimamishwa juu ya bomba kwa miguu mitatu ya bati iliyopigwa riveti. Bomba letu lina kipenyo cha sentimita 14. Kofia aliifanya ya sentimita 30, ili mvua ya kulala isiingie. Nafasi kati ya mdomo wa bomba na kofia aliipima kwa vidole vinne, hakutumia rula.

Nilipomwuliza vidole vinne vimetoka wapi, alisema ndivyo alivyofundishwa. Jioni nikachukua karatasi. Mdomo wa bomba una eneo la 22/7 × 7 × 7, yaani sentimita za mraba 154. Moshi hutokea pembeni, kupitia ukanda unaozunguka bomba, ambao urefu wake ni mzingo wa bomba, sentimita 44. Ili ukanda huo uwe na eneo sawa na mdomo, 154 gawanya kwa 44, unapata kimo cha sentimita 3.5. Hicho ni kiasi cha chini kabisa, bila kuhesabu kwamba moshi unapinda kona na masizi yanajaa kila wiki. Ukikizidisha mara mbili unapata 7. Nikapima vidole vinne vya mjomba: sentimita saba na nusu! Nilimwonyesha hesabu hiyo, akasema vizuri, sasa osha vyombo.

Kwa hivyo yule aliyesema ati kifuniko huzuia moshi alikuwa na nusu ya ukweli. Kifuniko kinachokaa juu ya mdomo huzuia. Kofia inayosimama juu yake haizuii. Mimi niliweka cha kwanza.

Nilitaka pia tuweke wavu kuzunguka kofia, ili ndege wasijenge kiota ndani. Mjomba alikataa wavu wenye matundu madogo. Masizi huuziba kama ungo wa unga, na hapo umerudi kwenye sufuria. Alikubali waya wenye matundu ya kupitisha kidole gumba, kwa sharti kwamba nipande kuusugua kila mwezi.

Likizo ya Agosti mwaka huo nilimfuata Embu, na huko nikaona dohani za aina ya pili. Embu ilikuwa kituo cha serikali ya kikoloni tangu 1906, na bado mjini zipo nyumba chache za mawe zenye mekoni ya kuotea moto sebuleni na dohani kubwa za mawe juu. Mjomba na fundi mmoja wa mawe, mzee, walikuwa wameitwa kutengeneza moja. Dohani ya mawe huvishwa juu bamba la simiti ambalo linapaswa kuteremka kutoka katikati kwenda nje, na kutokeza kupita ukuta kama sentimita 5, na kwa chini liwe na mfereji mdogo. Mfereji huo ni wa nini? Tone la maji hupenda kutambaa chini ya bamba hadi ukutani. Likifika kwenye mfereji hushindwa kuvuka na kudondoka. Hili la nyumba ile lilikuwa limewekwa tambarare na kukatwa sawasawa na ukuta, kwa hiyo maji yalituama juu, yakapata ufa, yakaingia katikati ya mawe na kuila chokaa. Huko Ulaya ufa kama huo huharibika upesi zaidi, kwani maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9 na kupasua jiwe. Kwetu barafu iko juu mlimani tu. Sisi tuna jua, mvua na mbegu.

Naam, mbegu. Ndani ya ufa ule kulikuwa na mche wa mugumo wenye kimo cha mkono wangu, ulioletwa na ndege bila shaka, na mizizi yake imekwisha kuinua jiwe moja. Yule mzee alisimama akautazama. Mugumo si mti wa kung'olewa ovyo huku kwetu. Mwishowe alituambia tushuke tunywe chai, na tuliporudi mche ulikuwa umepandwa vizuri kwenye mkebe wa rangi, kando ya ngazi. Alijenga bamba jipya kwa simiti moja na mchanga mara tatu, akaacha mwanya mwembamba kuzunguka bomba la ndani ili lipate pa kutanukia, na akatuagiza tulifunike kwa magunia yenye maji siku saba lisikauke haraka na kupasuka.

Jikoni kwetu hapajavuja tangu siku ile. Nyanya amekuja mara mbili, na mara zote mbili amelala nyumba kubwa.

Sasa ninalo neno moja kwa wakuu wetu, kwa heshima. Bomba la jiko la shule, lile linalopika githeri yetu ya mchana, kofia yake imeinama upande mmoja tangu upepo wa Aprili. Mguu mmoja umekatika na ukingo umeushukia mdomo wa bomba. Mpishi wetu ameniambia kwamba siku za mvua moshi hurudi ndani hadi anatoka nje kukohoa. Nimepima kwa macho nikiwa chini, nafikiri kipenyo ni sentimita 20 hivi, kwa hivyo kofia ya 40 na nafasi ya 10 ingetosha. Mjomba anasema atakuja Jumamosi yoyote, akipewa bati na nauli.