Banda la Kuku Lisafishikalo: Tujifunze kwa Dungu

Asafiriye katika bonde la Mto Rufiji wakati mpunga unapokomaa huyaona madungu: vibanda vya miti vilivyosimama juu ya nguzo, ambamo wakulima hulala wakilinda mashamba yao dhidi ya ndege na nguruwe. Mjenzi wa dungu anajua kwamba maji yatapanda, hivyo huinua sakafu. La kustaajabisha ni kwamba mjenzi huyohuyo, arudipo nyumbani, huwajengea kuku wake banda la fito na udongo lililokaa chini kabisa, lenye mlango usiopitisha hata mabega ya mtu mzima.

Mlango huo ndio chanzo cha taabu. Pasipoingilika hapasafishiki, na pakilazimika kusafishwa, hutumwa mtoto kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Humo ndani huvuta vumbi la kinyesi kikavu, ambalo laweza kubeba ukungu uitwao histoplazma ushambuliao mapafu. Hutoka na mikono yenye bakteria wa salmonela na kampilobakta, ambao kuku huwabeba tumboni bila kuonekana mgonjwa. Saa moja baadaye mikono hiyo imo katika sahani ya ubwabwa pamoja na ya wadogo zake. Sisi tabibu humpokea yule mdogo akiwa amelegea kwa kuhara, na ni nadra kumuuliza mama kuku wanalala wapi. Swali hilo lastahili kuulizwa.

Kwa wakazi wa Dimani na vijiji jirani, sifa ya kwanza ya banda jema ni ile ya dungu: sakafu iliyoinuliwa kiasi cha mita 1, ya fito zilizoachana kama sentimita 2, ili kinyesi kidondoke chini. Mfagiaji hubaki nje, amesimama, akivuta kwa reki. Vifaranga miguu yao hunasa katika nafasi hizo. Wao watandikiwe mkeka mkuukuu au pumba, vibadilishwe vikilowa. Chini ya banda pasakafiwe, hata kwa udongo ulioshindiliwa, na pazungushiwe wavu ili kuku wasiparue humo mchana.

Mlango uwe mpana, upitishe mtu na ndoo yake. Vichanja vya kulalia na viota visipigiliwe misumari. Viegeshwe tu, vitolewe na kuanikwa juani. Hili laonekana dogo, lakini utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za miti na kunyonya damu usiku, na kichanja kisichotoka huwa ngome yake. Nyufa za kuta zizibwe na kupakwa chokaa. Paa litokeze vya kutosha kuzuia mvua ya masika, kwani vimelea vya kuhara damu kwa kuku hukomaa upesi katika takataka zenye unyevu.

Kabla ya kufagia, nyunyiza maji ili vumbi litulie, na ufunge kitambaa puani. Dawa ya klorini haina faida juu ya kinyesi, kwa sababu uchafu huidhoofisha. Osha kwanza kwa maji na sabuni, ndipo utie dawa. Viatu vya bandani visiingie jikoni. (Chanjo ya kideri ni jambo jingine, usafi peke yake hauwezi kuibadili.)

Limebaki suala la mahali. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalitukumbusha kwamba maji hayachagui cha kubeba. Banda lililo upande wa juu wa kisima kifupi hukimwagia kinyesi kila mto unapofurika. Lijengwe upande wa chini, mbali na kisima, na kinyesi kikusanywe kila asubuhi kwenye lundo lililofunikwa, penye mwinuko. Lundo likae miezi kadhaa, likigeuzwa, ndipo lipelekwe kwenye matuta ya mchicha.