Praima Lita Nane, Kazi Saa 125

RV-7 ni ndege ya viti viwili ambayo kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, huiuza kwa vipande. Mnunuzi huiunga kwa ribiti mwenyewe, gerejini kwake. Kabla ya ribiti ya kwanza huja swali: kila bati lipakwe praima dhidi ya kutu, au la?

Tupige hesabu. Mabawa yana mita za mraba 11.2. Ukihesabu nyuso zake za ndani, mbavu, mwili na mkia, tuseme ni mita za mraba 80. Praima ya epoksi ikikauka na kubaki mikroni 25, ni lita 2, kama kilo 3. Ni uzito wa lita 4 za petroli ya ndege, mafuta ya dakika chache tu angani. Ila mwenye mkono mzito anafika kilo 6 bila kujua.

Nusu ya praima ikiwa thina inayogeuka mvuke, na nusu ya inayopulizwa ikipotea hewani, utanunua lita 8. Galoni moja ikiwa dola 200, hiyo ni dola 400 hivi. Bado si gharama ya kumkosesha mtu usingizi.

Kinachouma ni muda. Vipande 500, kila kimoja dakika 15 za kufuta mafuta, kusugua, kuosha, kupuliza na kugeuza: saa 125. Mwenye saa mbili kila jioni atamaliza miezi miwili hajagonga hata ribiti moja.

Na bati lenyewe halikuja uchi. Bati la aloi ya alumini iitwayo 2024-T3 lina shaba zaidi ya asilimia 4, inayolipa nguvu na kuliponza kwa kutu. Kwa hiyo kiwanda hulivika alumini safi, asilimia 5 kila upande. Kwa bati la milimita 0.81, hiyo ni mikroni 40, nene kuliko praima yako! Anayelikwangua kwa msasa mkali ili rangi ishike anaondoa kinga aliyokwisha kuilipia.

Kutu huanzia penye upenyo: kingo zilizokatwa, matundu, bati linapolalia bati na maji kunasa, chuma kinapogusa alumini. Mwaka 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyozoea hewa ya chumvi ya Hawaii, ilipasuka paa kwenye maungio baada ya safari 89,680.

Ndege itakayolala pwani, paka yote. Ya bara kavu, ndani ya hanga, paka maungio, kingo na penye chuma, kisha shika ribiti.