Hila ya Pasi: Mpira wa Kimarekani kwa Msomaji wa Nyangwe

Kiswahili kilifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kupokea mambo ya mbali si jambo geni kwake. Hata hivyo, atakayemweleza msomaji wa huko hila ya pasi katika mpira wa Kimarekani atakimbilia neno "chenga", nalo litampotosha. Chenga ni ya mtu mmoja. Hila hii ni ya wachezaji 11.

Mbunifu huanza na mkimbio ambao timu yake huutumia mara kwa mara. Mgawaji hunyosha mkono kana kwamba anamkabidhi mkimbiaji mpira, kisha hubaki nao. Walinzi wa kati wakisogea mbele, nyuma yao hubaki uwazi, na humo ndimo hutumwa mpokeaji. Lakini walinzi hao huwasoma kwanza watu wa mstari wa mbele, si mpira. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya hao sharti ifanane na ya mkimbio wa kweli, ila wasiende mbali: kanuni za NFL huwaruhusu yadi moja tu kabla ya pasi kurushwa. Hapa ndipo michoro mingi huharibika.

Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alikimbia yadi 313 Michigan ilipoishinda Ohio State mwaka 1995. Mbele ya mkimbiaji kama huyo mlinzi hana budi kusogea. Ajabu ni kwamba uchambuzi wa takwimu za NFL wa mwaka 2018 haukuona kwamba ni lazima timu ikimbie vizuri kwanza. Mlinzi husogea kwa mazoea aliyofundishwa, hata mkimbiaji akiwa dhaifu.