KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: SELI NYEUPE NA NDIGANA KALI

Kila anayesoma baiolojia anajua kuwa seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. Palipo na maradhi ndipo zinapokimbilia. Katika makala haya nataka kueleza jinsi askari hao wanavyoweza kumfichua adui, hasa yule anayetumalizia ng'ombe hapa Kitale na kule Bungoma.

Tuanze na paka. Wataalamu wa mifugo katika nchi zilizoendelea wana mbinu ya ajabu. Paka mwenye homa isiyojulikana chanzo hutolewa damu kidogo, kwa maana paka wa kilo 4 ana karibu robo lita tu mwilini. Seli nyeupe hutengwa, hutiwa alama kwa kitu chenye mionzi kama teknetiamu, kisha hurudishwa mwilini kwa sindano. Zikikusanyika mahali fulani, kamera maalumu ya mionzi huonyesha doa, na daktari hujua usaha ulipo bila kupasua. Mionzi ya teknetiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi, kwa hiyo paka hutengwa na watu kwanza.

Je, mfugaji wa Kimilili au Kiminini atapata wapi kamera kama hiyo? Msihofu. Kwa ndigana kali, sindano, kioo chembamba na hadubini vinatosha.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia apendaye masikio. Kupe huyo akishajishika, huchukua siku kadhaa kabla ya kumwaga vijidudu. Vikishaingia, havikimbii askari, ati vinaingia ndani yao! Seli nyeupe iliyovamiwa hugawanyika ovyo, na kijidudu hugawanyika pamoja nayo, hivyo kila seli mpya huzaliwa na adui tumboni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tezi lililo chini ya sikio huvimba. Joto la ng'ombe, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 38.5, hupita 40. Baadaye mapafu hujaa maji, mnyama huhema na kutoa povu puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa kabla ya mwezi kwisha.

Daktari wa mifugo hudunga tezi lile, huvuta majimaji kidogo, huyapaka kwenye kioo na kuyatia rangi ya Giemsa. Kwenye hadubini vijidudu huonekana ndani ya seli nyeupe. Huitwa miili ya buluu ya Koch, kwa jina la Robert Koch wa Ujerumani.

Kwa nini tujisumbue na kioo? Kwa sababu kuna ndigana baridi, ambayo vijidudu vyake hukaa katika seli nyekundu. Hiyo hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Ndigana kali iliyokwisha kukomaa haisikii dawa hiyo, inataka buparvakwoni. Shangazi yangu wa Bungoma aliuziwa dawa ya ndigana baridi na muuzaji mmoja ambaye hata hakuuliza kama tezi limevimba. Ng'ombe alidungwa siku tatu mfululizo, ya nne akalala moja kwa moja. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya binamu yangu wa kidato cha pili, naye alikaa nyumbani muhula mzima. Kipimo kingegharimu pesa kidogo sana kuliko ng'ombe.

Kinga nayo ipo. Watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo katika miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa vijidudu hai na oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini siku hiyo hiyo, kabla ugonjwa haujashika. Huugua kidogo, kisha hupata kinga ya muda mrefu. Chanjo hubebwa katika naitrojeni ya majimaji, na mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi, kwa hivyo wafugaji hufaidika wakijiunga pamoja. Hata hivyo, kuogesha mifugo kusiachwe, maana kupe huleta mengine pia.

Shime wenzangu! Jioni mkirudi nyumbani, pitisheni mkono chini ya sikio la ng'ombe. Mkigusa uvimbe, mwambieni mzee amwite daktari siku hiyo hiyo, na mwulizeni daktari: "Kioo kinasemaje?"